Arobaini na moja: jibu kwa msomaji wa Ngamiani

Msomaji mmoja wa Ngamiani, Tanga, ameniandikia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 26, nina shahada ya kwanza ya isimu na Kiswahili, na kwa sasa najitolea kufundisha sekondari. Mama yangu mkubwa ni kungwi na mwimbaji wa harusini, mtaa mzima unamjua kwa sauti yake. Huu mwaka wa tatu sauti ile inakatika akizungumza, kama mtu anayekabwa koo. Cha ajabu, akiimba inatoka safi. Nyumbani walisema jini, tukamnywesha kombe, wapi. Hospitali wakasema ni wasiwasi, apumzike. Nimekuja kusikia kwamba kuna watu wanasomea maradhi ya sauti yanayotokana na ubongo na neva mpaka wanakuwa maprofesa. Nataka kuwa mmoja wao. Je, mtu wa isimu anapokelewa huko? Nianzie wapi, au nimeshachelewa?"

Marahaba, mwanangu, na mpe mama mkubwa salamu zangu. Umeuliza habari ya kazi, lakini mimi nitaanza na mgonjwa. Ndiyo desturi yetu, na mbele utaona kwamba njia yako ya chuo kikuu inapita mlemle kooni mwake.

Kumpima mtu kwa barua siwezi. Ila umeandika jambo moja ambalo mtu wa fani hii akilisoma anajiweka sawa kitini: akizungumza inakatika, akiimba inatoka. Ungeniambia sauti imekauka wakati wote, kwa wimbo na kwa maneno, ningefikiria vinundu kwenye nyuzi za sauti, au uvimbe, au neva iliyoguswa wakati wa upasuaji wa rovu. Ungeniambia anaamka na sauti nzuri, kisha kadiri anavyosema ndivyo inavyofifia, na jioni kope zinaanguka, ningeuliza habari ya miasthenia, ugonjwa wa misuli inayochoka upesi. Lakini koo inayogomea kazi moja na kuikubali nyingine, na misuli ni ileile, hiyo yanukia disfonia spazimodiki.

Huo ni ugonjwa wa jamii ya disitonia. Nyuzi zenyewe hazina jeraha. Ni ubongo unaotoa amri isiyo yake, na misuli ya zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, inajikaza bila kuombwa. Ana ndugu yake: yule karani ambaye mkono hujikunja akishika kalamu tu, lakini akishika nyundo hauna neno. Kwa walio wengi nyuzi hubana kupita kiasi, sauti ikakatika kama inayonyongwa. Kwa wachache hufanya kinyume, zinaachana ghafla, pumzi ikavuja na neno likageuka mnong'ono. Wimbo, kicheko, kilio, hata ukelele wa kumfukuza kuku jikoni, mara nyingi husalimika. Simu ndiyo adui mkubwa. Nimeona watu wazima wanaoitazama inaita mpaka inazima.

Sasa jiweke mahali pa jirani. Anamsikia mama huyu ukumbini anaimba mpaka alfajiri, kesho yake akimpigia hodi anajibiwa na mtu anayesongwa. Ataacha kusema jini? Na daktari asiyeujua ugonjwa ataacha kusema wasiwasi? Msiwalaumu sana, kwa sababu hata mabingwa walikosea hapohapo kwa karibu miaka mia. Ludwig Traube, tabibu wa Ujerumani, alipoueleza mwaka 1871 aliuita ukavu wa sauti wa kineva, na kwa miongo mingi baadaye wagonjwa wakawa wanapelekwa kwa madaktari wa akili. Ni mwaka 1968 ambapo Arnold Aronson na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, waliwapima watu hawa kiakili na kineva, wakaona kwamba vichwani hawana tofauti na watu wengine, na kwamba wengi wana dalili za neva, kama mtetemeko. Aronson hakuwa daktari wa kupasua wala wa dawa. Alikuwa mtu wa fani ninayokuandikia, tiba ya usemi, na kazi yake kubwa ilikuwa kusikiliza kwa utaratibu.

Kwa hiyo mpelekeni kwa daktari wa masikio, pua na koo mwenye kamera nyembamba ya kupitisha puani, aziangalie nyuzi mgonjwa akiwa anazungumza sentensi nzima. Akimwambia aseme "aaa" tu basi, ugonjwa huu unaweza kumpita mbele ya macho. Muhimbili wana idara hiyo, na KCMC Moshi pia. Msikae nyumbani kwa sababu mimi nimetaja jina la kizungu: sauti yoyote iliyobadilika zaidi ya wiki nne, koo lazima iangaliwe ndani. Neva ya zoloto ya upande wa kushoto haiendi moja kwa moja. Inashuka kutoka kichwani hadi kifuani, inapita chini ya mshipa mkuu wa moyo, ndipo inapanda tena kooni. (Twiga naye anayo hiyohiyo, imeshuka shingo yote na kuipanda tena, mita kadhaa za safari kwa jambo la sentimita chache.) Ndiyo maana ukavu wa sauti mara nyingine ni habari ya kifua: uvimbe wa pafu, mshipa uliotanuka, tezi za kifua kikuu.

Ikithibitika ni disfonia spazimodiki, tiba inayotumika zaidi duniani ni sindano ya sumu ya botulinamu kwenye misuli ya nyuzi, kiasi kidogo mno, ikilegeza kile kilichokaza. Daktari Andrew Blitzer aliianza New York mwaka 1984. Wiki ya kwanza au mbili sauti huwa ya pumzi pumzi na maji humpalia mtu akinywa kwa pupa. Baadaye inatulia, na kwa kawaida baada ya miezi mitatu au minne inabidi kuchoma tena. Haiponyi. Mwambieni mama mkubwa mapema, asije akadhani amedanganywa.

Kabla ya sindano kulikuwa na kisu. Mwaka 1976 Herbert Dedo wa San Francisco alitangaza kwamba akikata neva moja ya zoloto sauti inafunguka, na kweli wagonjwa walitoka wanazungumza. Shangwe ilikuwa kubwa. Kisha Aronson na mwenzake wakafanya jambo lisilo na shangwe hata kidogo: wakawafuatilia waliokatwa kwa miaka mitatu. Zaidi ya nusu walikuwa wamerudi walikotoka, wengine pabaya zaidi. Ukiniuliza mwanataaluma wa fani hii anafanya nini ambacho tabibu wa kawaida hafanyi, nitakutajia hilo kabla ya darasa na joho. Anarudi mwaka wa tatu, anagonga mlango, anarekodi tena.

Nije kwako.

Miaka mingi nyuma, nilipotoka masomoni, nilipangiwa kazi katika hospitali moja mbali na kwetu Tanga. Akaletwa mama muuza duka, umri kama wa mama yako mkubwa, sauti inabana. Nikatoa karatasi yangu ya kusomesha wagonjwa. Ilikuwa tafsiri ya kifungu cha Kiingereza, habari za upinde wa mvua, tafsiri niliyoifanya mwenyewe kwa fahari kubwa. Akasoma. Ikakatika hapa na pale, si sana. Nikaandika: misuli imekaza kwa uchovu, mazoezi ya pumzi. Nilimpumulisha mama wa watu miezi sita. Siku moja kwenye mlango wa kutokea akawa ananihesabia chenji ya kanga niliyomwagiza. Alipofika arobaini akakwama. Arobaini na moja, akakwama. Arobaini na mbili, uso mwekundu, mkono kooni. Alipofika hamsini na tano akatiririka.

Nilirudi ndani nikakaa chini. Wewe umesoma isimu, utaona kabla sijamaliza. Koo ya aina hii hubana pale nyuzi zinapotakiwa kutetema mfululizo, yaani kwenye irabu na konsonanti ghuna. Konsonanti sighuna, ambazo nyuzi hazitetemi, huipa nafasi ya kupumua. Wanaotumia Kiingereza wana hila yao: humwambia mgonjwa ahesabu kuanzia themanini ya Kiingereza, ambayo imejaa irabu, kumtega wa kubana, na kuanzia sitini ya kwao, iliyojaa s na k, kumtega yule ambaye nyuzi zake huachana. Sisi tukitafsiri tunamwambia mgonjwa ahesabu "themanini", neno linaloanza na th isiyo na mtetemo, tukamfungulia mlango wa kutorokea. Ya kwetu ni arobaini. Itamke polepole ukiwa umeshika koo: a-ro-ba-i-ni. Vidole havipati pumziko hata mara moja. Ongeza "na moja", "na mbili", "na nne", "na nane", hali ni ileile. Waliosema za mwizi ni arobaini hawakuwa na habari ya zoloto, ila waliopatia wamepatia. Sitini kwa bahati imekubali kwetu pia: sitini na sita, sitini na saba, kila mahali s na t.

Baada ya hapo nilitupa upinde wa mvua nikatunga sentensi zangu. Kwa koo inayobana: "Mama Amina ana maua mengi, amenigawia ua moja la manjano." Hakuna sauti sighuna hata moja humo, tafuta. Kwa koo inayoachia: "Kaka kapata papa, kisha kapika supu." Humo hakuna konsonanti ghuna hata moja. Mtu akisoma ya kwanza kwa shida na ya pili kwa nafuu, nimeshajua niandike nini kwa daktari wa koo. Kazi ya dakika mbili. Yule mama nilimnyima dakika hizo kwa miezi sita, kwa sababu nilidhani vipimo ni vitu vya kutafsiri.

Kwa hiyo swali lako la kwanza, kama mtu wa isimu anapokelewa, nalijibu kwa kukugeuzia: sisi ndio tunaokuhitaji. Daktari wa neva hajui kwamba b na d za Kiswahili, hasa huku Pwani, mara nyingi hutamkwa koo ikishuka kidogo na hewa ikivutwa ndani. Hajui kwamba m ya "mtu" na "mto" inasimama peke yake kama silabi, ikipitia puani. Hizo kwenye koo iliyopooza nusu zinakuwaje? Kwenye ulimi wa mtu wa kiharusi je? Ule mgawanyo wa aina za disathria, yaani kasoro za usemi zinazotokana na ubongo na neva, unaofundishwa dunia nzima, wa Darley, Aronson na Brown wa mwaka 1969, ulitoka kwenye kusikiliza wagonjwa wa Kiingereza. Masikio yale yalikuwa makali, simvunjii mtu heshima. Lakini Kiswahili hakikuwamo chumbani.

Isimu yako hata hivyo haikupi ruhusa ya kugusa mgonjwa, na hapa ndipo vijana wengi huchanganya. Kuna milango miwili, amua unaingia upi.

Wa kwanza ni wa kliniki. Unakuwa mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha mwenye leseni, kisha unapanda kwenda uzamivu. Hapa nyumbani MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, ina shahada ya kwanza inayounganisha audiolojia (elimu ya usikivu) na tiba ya usemi, na Makerere, Uganda, ina ya tiba ya usemi na lugha. Afrika Kusini wameanza mapema zaidi, Chuo Kikuu cha Wits cha Johannesburg tangu miaka ya 1930, na kozi zao ni za miaka minne ya shahada ya kwanza. Tatizo lako ni masomo ya kidato cha sita: milango hii hutaka sayansi. Soma mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka husika kabla hujalia, lakini usishangae ukikuta umeachwa nje. Waliofunguka kwa watu wa fani nyingine ni wale wanaotoa leseni kupitia shahada ya uzamili: Uingereza, Australia, Marekani, na kwa Afrika, Chuo Kikuu cha Ghana. Marekani utaongezewa somo la baiolojia, la fizikia au kemia, la takwimu na la sayansi ya jamii, halafu uzamili wenye saa 400 za kliniki, halafu wiki 36 za kufanya kazi chini ya uangalizi. Ada zao zinaumiza. Ajabu ya Marekani ni kwamba uzamivu mara nyingi hulipiwa na chuo na posho juu, lakini uzamili wa kliniki hulipiwa mara chache sana. Uingereza kozi ya kumpa mtu leseni ni ya miaka miwili, na Chevening, ufadhili wa serikali yao, hugharimia kozi ya mwaka mmoja, kwa hiyo usikeshe kuandika insha zao kwa kozi hii. Tafuta ufadhili unaokubali kozi ya miaka miwili.

Mlango wa pili ni wa fonetiki, elimu ya sauti za lugha. Hapa kazi yako si kutibu. Unapima. Unafanya uzamili na uzamivu wa isimu, hata hapahapa Tanzania, mada yako ikawa sauti ya wagonjwa, na ndani ya timu unakaa pamoja na daktari wa koo na daktari wa neva. Programu ya kuchambua sauti ya Praat, waliyoitengeneza Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam, ni ya bure na inaendeshwa hata na kompyuta ya mitumba. Gharama kubwa ni maikrofoni nzuri na uvumilivu. Maprofesa wa kuheshimika katika maradhi ya sauti wamepita mlango huu. Na usiudharau kwamba ni wa pembeni: aliyekuwa wa kwanza kutuonyesha nyuzi za sauti za mtu hai zikifanya kazi alikuwa mwalimu wa uimbaji, Manuel Garcia, akijitazama koo yake mwenyewe kwa kioo mwaka 1854. Mji wetu uliozaa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star usione haya kutoa wa pili.

Kama ni binti yangu ningemwambia nini? Ningemwambia aingie wa pili sasa, huku anatafuta wa kwanza. Uzamili wa isimu ukiwa na rekodi thelathini za wagonjwa wa Tanga utakufungulia wafadhili wa kliniki kuliko barua yoyote ya kueleza ndoto. Wapo watakaokuambia fanya kinyume. Wana hoja: ukishaingia fonetiki mapato yanakuja kidogo kidogo, unaolewa, unapewa vipindi ishirini kwa wiki, na kliniki inabaki hadithi. Mimi nimeona wote, waliofika na waliobaki njiani, na sidhani njia ndiyo iliyowatofautisha.

Kuhusu kuwa mhadhiri, jambo la kujua mapema ni alama. Vyuo vyetu hutaka kwa kawaida wastani wa 3.8 kwa shahada ya kwanza ili uanze kama mkufunzi msaidizi, na 4.0 kwa uzamili ili uwe mhadhiri msaidizi. Kama una 3.5 usinifiche, hapo uzamivu na machapisho ndiyo yatakayokubeba, na safari inakuwa ndefu. Ukisoma nje, vyeti vyako hupelekwa TCU kutambuliwa, anza mapema. Uchelewaji ulioulizia, tuhesabu: miaka miwili ya uzamili, miwili ya kukaa na wagonjwa, minne ya uzamivu. Unafika 34. Mimi nilifika nikiwa na 41, na mjukuu mgongoni. Haya, mjukuu nimeongeza chumvi, alikuwa mtoto wa dada.

Ile miwili ya wagonjwa usiiruke. Na ujue kwamba si yote itakuwa ya sauti. Mtaalamu wa tiba ya usemi kwetu hushinda na watoto: usonji, mtindio wa ubongo, mdomo sungura. Mchana anaitwa wodini kwa mtu wa kiharusi, si kumfundisha kusema bali kuangalia kama anameza salama, maana uji unaoingia njia ya hewa huua kimyakimya. Hilo la kumeza ndilo litakalokufanya upendwe na manesi. Sauti utazipata moja moja, na kila moja uiandike.

Nikueleze mzee mmoja, uone utafiti unavyotoka mgonjwani. Alikuwa muadhini wa msikiti mmoja mjini Pangani, ana Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka. Sauti imekuwa ndogo mpaka mkewe anasogeza sikio. Nikamwuliza, mzee wangu, sauti imepungua? Akajibu, kwa mnong'ono: "Sauti yangu haina neno. Hawa ndio wameanza kuwa viziwi." Hakuwa anatania. Huo ni ugonjwa wenyewe: kipimo cha ndani kimeharibika, mtu anajisikia anapaza kumbe ananong'ona. Mbinu inayojulikana zaidi, aliyoianzisha Lorraine Ramig mwaka 1987 na kuiita jina la mgonjwa, Lee Silverman, humtaka mtu aje siku nne kwa wiki, wiki nne, saa nzima kila siku, na humo ndani amri ni moja tu: paza. Hesabu nauli ya mara kumi na sita kutoka Pangani hadi Tanga mjini, pamoja na ya mtu wa kumshika mkono. Halafu mke wa mzee kama huyu naye akiugua, mwambie apaze. Bibi wa Pwani amelelewa miaka sabini kwamba mwanamke hapazi sauti. Nilimjaribu mmoja, akacheka akajifunika mtandio. Nilipomwambia amwite mjukuu aliyeko ng'ambo ya ua, dari ilitikisika. Yule muadhini sikumwambia apaze, nilimwambia aadhini. Kisha, kwa sauti ileile, aniambie alikula nini.

Hapo pana uzamivu mzima. Mara kumi na sita zinaweza kuwa nane, nyingine kwa simu? "Paza" iitwe nini kwa Kiswahili ili isimvunjie mtu adabu? Na watu hawa wako wangapi? Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kwa watu wapatao 161,000, na mwaka 2008 wakachapisha kwamba walipata 33 wenye Parkinson, wengi wao hawajawahi kuambiwa wana nini. Ni kazi nzuri sana. Laiti mtu angebeba maikrofoni ile siku.

Umeona kwamba sikukutajia mada kubwa kubwa. Wanafunzi wangu huja na "athari za teknolojia katika maradhi ya usemi", nikawarudisha mlangoni. Mada njema inaanza na mtu mmoja aliyekwama kwenye neno moja.

Basi anza nyumbani, wiki hii, kabla ya sindano yoyote, maana rekodi ya kabla ndiyo ambayo huwa haipatikani tena. Lakini uliza kwanza ruhusa, na usiifanye ya kifamilia. Mweleze itakaa wapi, nani ataisikia, na kwamba anaweza kukuambia uifute kesho. Sauti inamtambulisha mtu kama sura, na tangu 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hii ya nyumbani ni ya kumpelekea daktari na ya kujifunzia. Siku utakapotaka kuiandikia makala, au kuongeza wagonjwa wengine, hapo ni kibali cha kamati ya maadili ya chuo au NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kwanza, na ridhaa ya maandishi. Hakuna njia ya mkato.

Chumba. Ngamiani najua hakuna kimya: bajaji, spika ya jirani, cherehani. Fungua kabati la kanga, mkalishe uso ukielekea ndani ya nguo, tundika blanketi nyuma yake. Utashangaa. Maikrofoni iwe sentimita 30 kutoka mdomoni, upime kwa rula, maana ukiisogeza utadhani sauti imepona. Rekodi katika WAV, sampuli 44,100 kwa sekunde. Usimwombe akutumie ujumbe wa sauti wa WhatsApp ukaupima. Ule umebanwa, vitu tunavyovitafuta vimeshakatwa. Na ukishafungua Praat usikimbilie jita na shima, vipimo vya mtikisiko mdogo wa mawimbi ya sauti, kama vitabu vya zamani: vipimo hivyo vinataka mawimbi yanayojirudia, na sauti iliyokatika haijirudii, programu itakupa namba tu ili ikuridhishe. Hesabu kwanza kwa sikio: silabi ngapi zimekatika katika sentensi ya maua, ngapi katika ya papa. Mpe mwenzako ahesabu naye bila kuona zako. Mkitofautiana sana, sikilizeni upya.

Mwanzo ataje tarehe. Kisha arobaini na moja, na mbili, na nne, na nane. Kisha sitini mpaka sabini. Zile sentensi mbili, kila moja mara tatu. Halafu akusimulie, bila kusoma, namna anavyopika pilau la harusi ya watu mia. Hapo ndipo utakaposikia anavyoishi nayo hasa. Mwishoni mwache aimbe wimbo anaoupenda, beti mbili, kwa rula ileile. Na kaa naye baada ya kuzima mashine, kwa sababu nina hakika kuna mtu aliyewahi kumwambia anajifanya.